Mswada Uliorudi Nyuma

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama tawini)



Nimetakiwa nieleze jinsi mswada wa sheria ya jinai unavyopita Bungeni. Nitautazama mmoja tu, nami nitautazama kutoka Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja wakati ule. Huko mtu hulima kahawa, naye akisimama Murongo huiona Uganda ng'ambo ya Mto Kagera, na bei ya ng'ambo huisikia. Sisi wa visiwani hatuhitaji mkalimani: wao kahawa na mto, sisi karafuu na bahari.

Machi 1983 Serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi. Watu walikwisha kamatwa ndipo mswada ukafikishwa Bungeni mwezi wa Aprili, ukapitishwa kwa haraka, na sheria ikahesabiwa kuwa ilianza tarehe 25 Machi. Zingatieni: pingu kwanza, sheria baadaye. Mshitakiwa aliwekwa mbele ya Baraza Maalumu, hana wakili, hana dhamana, hana rufani mahakamani. Magendo ni dhuluma, sikatai. Mimi ni mwenye duka, na miaka ile ya sukari kufichwa haijasahauliwa. Lakini mwenye gunia moja na mwenye malori waliwekewa mlango mmoja.

Mwaka 1984 Bunge liliifuta sheria ile, likatunga nyingine, namba 13, iliyorudisha wakili na rufani. Mwaka huohuo Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba, na ibara ya 13 ikakataza kumwadhibu mtu kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda. Kwa waliokwisha fungwa, kinga hiyo ilichelewa.

Dhamana, hata hivyo, ilibaki nzito. Chini ya sheria hiyo ya 1984, kama ilivyorekebishwa, mali ilipozidi kiwango kilichowekwa mshitakiwa alitakiwa kuweka fedha taslimu nusu ya thamani yake, au hati ya mali isiyohamishika, au uthibitisho mwingine wa mali hiyo unaoiridhisha mahakama. Mkulima wa Nkwenda ambaye shamba lake halina hati ataithibitishaje mali yake?

Mswada husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kamatini, husomwa mara ya pili, hupitiwa kifungu kwa kifungu, husomwa mara ya tatu, kisha humfikia Rais. Raia husikizwa kamatini, si kwingine. Na ukija kwa hati ya dharura, nafasi hiyo hubanwa. Basi naomba kila tawi, mswada ukitoka katika Gazeti la Serikali, litafute nakala, lisome vifungu vya dhamana na tarehe ya kuanza, na kuandikia kamati kabla ya kusomwa mara ya pili.