Mambo ya Chama, Bei ya Kahawa

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, Meru)

 

Leo tunazungumza juu ya chama na uchumi. Msiogope neno uchumi. Uchumi ni kahawa yako, bei yake, na nani anaruhusiwa kuinunua.

Wengi mmeuona mnara wa Azimio pale Arusha mjini. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha. Tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa, na kesho yake mabenki yakataifishwa. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili, au kupangisha nyumba. Watu waliliunga mkono kwa miguu yao. Kijana Seth Benjamin alitoka Arusha akitembea kwenda Dar es Salaam, akafa njiani. Wazee mnayakumbuka hayo kuliko mimi.

Sasa tazameni yalivyobadilika. Mwaka 1986, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Shilingi ikashushwa thamani. Sabuni ikaonekana tena madukani, lakini kwa bei ya kuumiza. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ikakutana Zanzibar. Ikaamua kwamba mwanachama anaweza kuwa na hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Safari hii hakuna aliyetembea kwenda Dar es Salaam. Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya wote. Mshahara mmoja ulikuwa haumfikishi mtu mwisho wa mwezi. Ninasema wananchi hawakuulizwa.

Mwaka huohuo Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi ikiuliza: chama kimoja au vingi? Katika kila watu 100 waliojibu, kama 80 walitaka kimoja. Hata hivyo Tume ilishauri vingi, na 1992 vikaruhusiwa. Basi, juu ya vyama tuliulizwa. Juu ya mifuko yetu, hapana!

Huko Japani, chama cha LDP kimetawala karibu miaka yote tangu 1955. Mwaka 2005 Waziri Mkuu Koizumi alitaka kubinafsisha posta, ambayo huko watu huweka akiba zao. Baadhi ya wabunge wa chama chake mwenyewe wakampinga. Akavunja Baraza la Chini la Bunge, akaenda kwa wapiga kura. Akashinda.

Turudi kwenye kahawa. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Mwaka 1993 sheria ikabadilishwa tena, wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa kwa mkulima. Mkulima wa Poli au Nkoaranga akampata mnunuzi mwenye fedha mkononi. Ni jambo jema, maana ada ya shule haingoji malipo ya pili. Lakini mnunuzi huyo hana mkutano mkuu wa kumdai hesabu. Na dawa ya mibuni uliyokopa ushirika, sasa utaikopa kwa nani?

Mgombea wa chama chochote akija hapa, mwulizeni hilo. Akijibu, mwulizeni tena: limeandikwa wapi, ukurasa wa ngapi?

Jumatano tutasoma kwa sauti Sehemu ya Tano ya Azimio. Mwenye nakala nyumbani ailete.