Mwalimu Aliyeingia Karakana

Leo twataka kunena nanyi habari ya mtu mzima aiachaye kazi aliyoizoea akaanza kujifunza nyingine. Hatuneni habari za kusikia. Sisi tu watu wa chaki: tulitoka chuo cha ualimu tukiwa na miaka 26, tumefundisha miaka 14 katika nchi ya Nalasi, upande wa Tunduru, mkoa wa Ruvuma, na sasa umri wetu ni miaka 40. Na katika umri huo tumekwenda kupiga hodi kwa fundi seremala, tukaomba atufundishe.

Chanzo chake ni madawati. Mwaka mmoja madawati ya shule yalikuwa mabovu hata watoto watano wakaketi mahali pa watatu, ndipo kamati ikamwita fundi wa kijijini. Nasi, kwa kuwa ilikuwa siku ya Jumamosi na hatukuwa na kazi nyingine, tukakaa tumshikie mbao. Fundi huyo tulimjua sana. Alipokuwa darasa la tano tulimketisha nyuma kabisa, kwa sababu hesabu za sehemu zilimshinda. Nusu na robo na thumuni zote zilikuwa kwake kitu kimoja. Walakini siku ile tulimwona akipima kwa futi, thumuni kwa thumuni, asiandike neno. Akachonga ndimi nane za mbao na matundu manane, na kila ulimi ukaingia katika tundu lake kwa pigo moja au mawili ya nyundo, usilegee wala usipasue. Tulirudi nyumbani jioni ile tumenyamaza. Mwenzetu wa nyumbani akauliza kama tu wagonjwa.

Hatusemi kwamba ualimu ni kazi mbaya, wala hatukuukimbia kwa uvivu. Lakini mtu aweza kuipenda kazi miaka mingi, kisha akatambua kwamba jambo analolingoja kila juma ni ile Jumamosi ya kushika mbao.

Tulipomweleza mjomba wetu, mambo yakawa mazito. Kwetu Uyaoni mjomba ndiye mwenye neno katika mambo ya wapwa zake, nasi hatukuweza kumpita. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mpwa wangu, korosho za miaka sita ziliuzwa ili wewe uvae viatu vya shule ya misheni. Sasa wataka kuvivua viatu uingie katika maranda? Watu watasema umefukuzwa kazi.” Hatukuwa na jibu la siku ile. Na kweli watu walisema. Wengine walisema tumekula fedha za shule, wengine walisema tumelogwa.

Desturi hii ya kukipandisha kichwa na kuushusha mkono ni ya zamani, na sisi watu wa shule za misheni tumeirithi. Chuo cha Kiungani huko Unguja kilisomesha vijana wawe walimu na makasisi, na wale wasioonekana wepesi wa vitabu ndio waliowekwa katika kazi za mikono. Hivyo kijana aliyepewa randa aliipokea kama mtu aliyeshindwa mtihani. Ajabu yake ni kwamba wakubwa wenyewe hawakuishi hivyo. Askofu Edward Steere, aliyeanzisha misheni ya Masasi mwaka 1876, alikuwa mwanasheria huko Uingereza kabla ya kuwa kasisi. Alipofika Unguja mwaka 1864 alikuwa na miaka 36. Akashika kazi ya kupiga chapa, akawafundisha vijana kupanga herufi. Na alipokuwa na miaka 45 akaanza kujenga kanisa kuu la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa, akichunguza kwa mkono wake namna ya kuchanganya saruji na mawe ya matumbawe ili kuba la paa lisianguke. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, na siku ya Krismasi mwaka 1879 watu wakasali ndani yake. Kuba lile lipo hata leo.

Na yuko mwingine, Alexander Mackay, Mskochi, aliyezaliwa mwaka 1849. Huyu alisomea kwanza ualimu huko Edinburgh, ndipo akaingia katika uhandisi. Alipofika Buganda mwaka 1878 alifundisha kusoma, lakini alichonga pia herufi za kupigia chapa, akafua chuma na kutengeneza vyombo, hata watu wakamwita Mzungu wa Kazi. Mama yake Kabaka Mutesa alipofariki mwaka 1882, aliyetakiwa kumtengenezea jeneza la heshima ni Mackay. Tulimsimulia mjomba habari hizi. Akasema, “Hao walikuwa Wazungu, wakishika nyundo wanasifiwa. Wewe ukishika utaambiwa umeishiwa.” Twakiri kwamba katika neno hilo mlikuwa na kweli nyingi.

Basi tukakubaliana kwanza tupige hesabu. Hapa twaomba wasikilizaji walio wafanyakazi watusikilize vizuri. Mwalimu wa Serikali ni mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya awali. Sheria hiyo yataka mtu awe amechangia miezi isiyopungua 180, tena awe amefikia umri wa kustaafu, ambao kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni miaka 60, ndipo apate pensheni ya kila mwezi. Miaka 14 ni miezi 168. Kumbe tulikuwa tumebakiza miezi 12 tu! Lau tungaliandika barua ya kuacha kazi jioni ile ya madawati, kama moyo ulivyotaka, tungaliitupa haki ya uzeeni kwa ajili ya haraka ya mwaka mmoja. Mwenzetu wa nyumbani ndiye aliyeligundua jambo hilo, akihesabu kwa punje za mahindi juu ya mkeka. Basi tukaazimia kufundisha miezi 12 iliyosalia, na huku Jumamosi zote na likizo zote mbili, ya mwezi wa Juni na ya mwezi wa Desemba, tuwe wanafunzi wa karakana.

Na ugumu mkubwa haukuwa wa fedha.

Fundi wetu alitupokea kwa heshima, na heshima hiyo nusura ituharibie masomo. Tulipokata mbao, yeye alisema, “Vema, Che Mwalimu.” Tulipopinda, “Vema, Che Mwalimu.” Tukaanza kujiona wepesi wa kushika, hata tukajisifu nyumbani. Jumamosi moja tulisahau miwani yetu karakanani, tukarudi usiku kuichukua. Tukakuta taa inawaka. Fundi alikuwa ameinama juu ya fremu tuliyoichonga mchana, anazikata upya ndimi zetu zote, moja baada ya moja, ili mteja asilalamike. Alituona akasimama, patasi mkononi, kama mtoto aliyekamatwa na embe la mwenyewe.

Tukamwuliza kwa nini hakutuambia. Akajibu, “Mwalimu, wewe ndiwe uliyenishika mkono nikaandika a, e, i. Nitawezaje kukwambia umekosa?” Tukamkumbusha kwamba sisi tulimwambia amekosa mara nyingi, tena mbele ya watoto arobaini, tukamweka nyuma. Akacheka kidogo. Akasema, “Kule nyuma hapakuwa pabaya. Nilikuwa nikihesabu mapau ya paa, nikiona jinsi yalivyoungwa.” Tulisimama pale muda mrefu kwa mwanga wa taa. Miaka ile yote tulidhani kijana yule analala macho wazi, kumbe alikuwa akisoma kitabu ambacho sisi hatukuwa tumekifungua. Tukamwomba radhi. Yeye akaona haya kuliko sisi.

Jumamosi iliyofuata alitimiza tuliyopatana. Mbele ya vijana wake wawili, walio wadogo kuliko wanafunzi wetu wa darasa la saba, alishika kiungo chetu akasema chacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Vijana wakacheka. Masikio yetu yaliwaka moto! Tangu siku ile ndipo tulipoanza kujifunza kweli. Tulijifunza kwamba patasi butu ndiyo imkatayo fundi, kwa sababu huilazimisha kwa nguvu. Kwamba kabla ya kuranda sharti utazame nyuzi za mti zaelekea wapi, maana ukiranda kinyume chake mbao huchanika. Kwamba mninga ukikauka haunyauki sana wala haupindi upesi, na mkongo ni mgumu, wachosha msumeno lakini wadumu. Juma zima la likizo ya Juni tulifanya kazi moja tu, kunoa. Tulitamani mtihani wa kuandika.

Yako na mambo mengine ya kujua kwa mtu atakaye njia hii, nayo twayataja kwa ufupi. Asiyekuwa na fundi wa kumfundisha aweza kwenda chuo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya Sweden, navyo hupokea hata watu wazima. Katika wilaya ya Tunduru kipo cha Nandembo. Vipo pia vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti chake. Fundi wetu sasa anajiandaa kwa mtihani huo, nasi humsaidia Jumapili jioni katika sehemu ya kuandika. Na kwa upande wa Songea, watu wa zamani waikumbuka Peramiho, walikofika Wabenedikto mwaka 1898 pamoja na mabradha mafundi. Tena mbao si kuni za kuokota. Sharti zitoke kwa mwenye kibali, na zisafiri na hati yake, ama sivyo zitakamatwa pamoja na baiskeli iliyozibeba.

Na mapato? Tusiwadanganye. Mshahara huja kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Fedha za seremala wa Nalasi hufuata korosho. Korosho zikinunuliwa vizuri, watu huagiza milango na vitanda na makabati kwa pamoja, hata fundi halali. Bei ikianguka au malipo yakichelewa, mlango hutundikwa mkeka, na fundi hukaa akinoa patasi zilizokwisha kunolewa. Kwa hiyo hatukuliacha shamba letu, wala hatuna nia ya kuliacha.

Kazi ya kwanza tuliyoifanya peke yetu, bila Fundi kuigusa usiku wala mchana, ni mlango wa nyumba ya mjomba. Hatukumdai kitu. Tuliuweka mwezi wa Septemba, wakati wa jua kali, ukaenea katika fremu yake kama kifuniko cha chungu, naye mjomba akaufungua na kuufunga mara tatu asiseme neno. Ilipofika masika ukavimba, ukakwama, mjomba akalala usiku mmoja na mlango wazi. Asubuhi alimtuma mtoto shuleni na ujumbe. Mtoto alisimama mlangoni mwa darasa, watoto wote wakisikia, akasema, “Mjomba anamwita fundi.” Tulimaliza kipindi, tukachukua randa, tukaenda.