Mlima Chini ya Ardhi: Unyenyekevu katika Ramli ya Kale ya China

Yijing, yaani Kitabu cha Mabadiliko, ni kitabu cha ramli ambacho wataalamu wengi wa leo wanakadiria kuwa kiini chake kiliandikwa wakati wa nasaba ya Zhou ya Magharibi, takriban miaka 2,800 iliyopita. Kina michoro 64, na kila mchoro, unaoitwa heksagramu, una mistari sita inayosomwa kutoka chini kwenda juu: mstari mzima huashiria nguvu, na uliokatika katikati huashiria ulaini. Aliyetaka kupiga ramli alichukua mabua makavu 50, akaweka moja kando, akayagawa yale 49 mafungu mawili bila kuyahesabu, ndipo akaanza kuyatoa manne manne. Kazi hiyo ya kugawa na kuhesabu ilirudiwa mara 18 kabla heksagramu moja haijakamilika, hivyo jibu halikupatikana kwa pupa.

Heksagramu ya 15 ndiyo iitwayo Qian, yaani Unyenyekevu. Mistari yake mitatu ya juu ni ishara ya ardhi, na mitatu ya chini ni ishara ya mlima, kwa hiyo mlima, ambao kwa asili yake huinuka juu ya kila kitu, umekaa chini ya udongo. Katika mistari yote sita ni mmoja tu ulio mzima, nao ni wa tatu, unaomhusu mtu mwenye kutenda kazi kubwa asijitukuze kwayo. Unyenyekevu huu, basi, si unyonge wa asiye na kitu, kwa kuwa anayezungumziwa ana kimo na ana uwezo. Tena heksagramu inayoutangulia, ya 14, ni ya utajiri mkubwa, na wafafanuzi wa kale walisema kuwa mwenye vingi hapaswi kufurika. Ufafanuzi mwingine uliounganishwa na kitabu hicho unakwenda mbali zaidi na kumtaka muungwana apunguze palipozidi, aongeze palipopungua na kugawa kwa kipimo cha haki, jambo linaloufanya unyenyekevu kuwa kazi ya utawala na si tabia ya moyoni pekee.

Han Ying, mwanachuoni wa enzi ya nasaba ya Han katika karne ya 2 KK, anasimulia jinsi Mtawala wa Zhou, aliyeshika madaraka kwa niaba ya mpwa wake, Mfalme Cheng, alivyomuusia mwanawe Boqin aliyekuwa akienda kutawala nchi ya Lu. Baba huyo, aliyekuwa mwana wa mfalme na ndugu wa mfalme, alieleza kwamba aliwahi kukatiza kuosha nywele mara tatu, akizishika zikiwa bado zimelowa, na kutema chakula mara tatu katika mlo mmoja, ili awahi kuwapokea wageni, akihofia kuwapoteza watu wenye busara. Kisha akaitaja heksagramu hii kuwa yatosha kulinda dola, nchi na hata nafsi ya mtu. Simulizi hilo liliandikwa karne nyingi baada ya wahusika kufariki, hivyo si kumbukumbu ya tukio, lakini linaonyesha waziwazi jinsi wasomi wa enzi ya Han walivyouelewa unyenyekevu.

Heksagramu hii inasifika kwa kuwa mistari yake yote sita ina utabiri mwema, jambo lililo nadra sana katika kitabu kizima. La kustaajabisha zaidi ni kwamba mistari ya tano na ya sita inaruhusu vita, na wa sita unataja wazi kupeleka jeshi. Zhu Xi, mwanafalsafa aliyeishi kati ya 1130 na 1200, ambaye alishikilia kwamba Yijing kiliandikwa kwa ajili ya ramli, aliusoma mstari huo wa mwisho kwa uangalifu mkubwa: mnyenyekevu amepata sifa na watu wako pamoja naye, kwa hiyo anaweza kuongoza jeshi, lakini mji anaoruhusiwa kuuadhibu ni ule ulio chini ya mamlaka yake mwenyewe.