Chakula na Kazi za Mikono katika Nchi ya Italia
(Hotuba iliyosomwa na wanafunzi wawili mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Halmashauri imetuamuru tuseme machache juu ya miaka miwili tuliyokaa Italia, tangu 2017 hata 2019, tukijifunza ufinyanzi. Twaitii amri hiyo kwa furaha, maana nusu ya nauli yetu ilitoka katika sanduku la Chama hiki, na mtu aliyepewa nauli na wenziwe hana budi kurudi na hesabu. Hesabu yetu si ya shilingi. Ni hesabu ya mambo tuliyoyaona mezani na karakanani, na mengine katika hayo ni aibu yetu wenyewe, wala hatutayaficha.

Wazee waliopata kusafiri kutoka Nairobi kwenda Naivasha kwa njia ya chini wamekiona kikanisa kidogo cha mawe kilichoko mteremkoni, karibu na Mai Mahiu. Kilijengwa mwaka 1942 na Waitalia waliotekwa vitani, waliokuwa wakiichonga barabara ile. Walikuwa wafungwa, tena mbali na kwao, lakini ufundi wao hawakuuacha nyuma. Twaomba mlikumbuke jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

Mji tuliokaa huitwa Faenza. Uko kaskazini mwa Italia, kati ya mji wa Bologna na bahari ya Adriatic, na sifa yake kubwa ni vyombo vya udongo. Hata Wafaransa huviita vyombo vya namna hiyo kwa jina la mji huo. Mwaka 1908 Bwana Gaetano Ballardini alianzisha hapo nyumba ya makumbusho ya vyombo vya udongo vya mataifa mbalimbali. Mwaka 1944 mabomu ya vita yaliiharibu vibaya, na vyombo vingi vikawa vigae. Wenyeji hawakusema, "Tujenge kwanza vitu vya maana." Waliijenga upya, wakapokea vyombo vingine kutoka nchi za mbali, na hata leo nyumba hiyo imesimama.

Kazi yenyewe ni ya subira. Chombo hufinyangwa, hukaushwa, kisha huchomwa tanuuni mara ya kwanza. Kikitoka huchovywa katika maji meupe mazito yenye unga wa bati, na juu ya weupe huo, kabla haujachomwa, fundi hupaka rangi zake: buluu itokayo katika madini ya kobalti, kijani itokayo katika shaba, na nyinginezo. Weupe ule huinywa rangi mara moja. Hakuna kufuta, kosa likiingia limeingia. Ndipo chombo huchomwa mara ya pili, kikatoka kinang'aa kama kioo.

Sisi tulidhani tutapewa brashi siku ya kwanza. Tulipewa fagio, na baada ya fagio tulipewa udongo tuukande, majuma mengi. Tulinung'unika kwa lugha yetu, tukiona twadharauliwa. Lakini siku moja chombo chetu kilipasuka tanuuni kikaharibu na vya wenzetu, kwa sababu udongo wake haukukandwa vema. Tangu siku hiyo hatukunung'unika tena.

Sasa twaja katika aibu yetu ya kwanza. Tulipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mzee wa miaka mingi. Juma la kwanza alituuliza, "Wanangu, kwenu hula nini?" Tulitazamana, tukamjibu, "Wali na kuku." Ninyi mwajua wenyewe, Wazee wetu, kama tulilelewa kwa wali na kuku! Tuliona haya kutaja ugali, tukidhani ni chakula cha watu wa shida, kisichofaa kutajwa Ulaya.

Basi, usiku mmoja wa baridi kali, mama yule aliteleka sufuria ya shaba, maji yakachemka, akatia chumvi, akawa anamimina unga wa mahindi wa rangi ya manjano huku akikoroga kwa mwiko mrefu. Alikoroga karibu saa nzima bila kupumzika. Kisha aliupindua ugali wote juu ya ubao, ukakaa mbele yetu unatoa moshi, naye akaukata kwa uzi uliovutwa kwa mikono miwili. Wao huuita polenta. Mmoja wetu alishindwa kujizuia akasema, "Mama, huu ni ugali!" Tukamweleza yote. Alicheka sana, kisha akatuuliza kwa upole, "Kwa nini mlinificha?" Hatukuwa na jibu.

Tulisoma habari za chakula hicho baadaye. Mahindi si ya asili ya Italia, wala si ya asili ya kwetu; yalitoka Amerika baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Huko kaskazini mwa Italia yalikuwa tegemeo la maskini, na wengi hawakuwa na kitu kingine cha kula nayo. Wakapatwa na ugonjwa wa ngozi kupasuka, tumbo kuharibika, na mwisho akili kuvurugika. Mwaka 1771 daktari Francesco Frapolli aliuandika kwa jina la pellagra, yaani ngozi inayokwaruza. Leo yajulikana kwamba ulitokana na kukosa vitamini, maana mahindi peke yake hayamtoshi mwanadamu. Mama zetu wanaochanganya mahindi na maharagwe katika isyo, au wanaoandaa ugali pamoja na kunde na maziwa, wanafanya jambo la hekima. Waitalia nao waliponea katika vyakula vya kuchanganya, wala hawakuutupa ugali wao. Leo huandaliwa hata katika mahoteli makubwa, wala hapana anayeuonea haya.

Chakula kingine cha nchi ile ni piadina, mkate bapa unaofanana sana na chapati zetu. Tangu 2014 jina la piadina ya Romagna lalindwa kwa sheria ya Ulaya, mtu wa mbali asije akalitumia apendavyo. Nacho kikaango chake cha kale ni cha udongo. Kijiji cha Montetiffi kina sifa ya kufinyanga vikaango hivyo tangu zamani. Tulipokiona kikaango cha namna hiyo tuliwakumbuka wafinyanzi wetu wa kike wanaouza vyungu kando ya njia, nasi tumewapita mara ngapi bila hata kuwaamkia!

Siku nyingine tulipelekwa upande wa Parma kuangalia jibini yao mashuhuri. Gurudumu moja la jibini hiyo hutaka maziwa lita 550 hivi, huwa na uzito wa kilo 40 hivi, na halina ruhusa kuuzwa kabla ya miezi 12. Chama cha watengenezaji kilianzishwa mwaka 1934. Mkaguzi huja na nyundo ndogo, akaligonga kila gurudumu, akasikiliza. Likitoa sauti mbaya, alama ya chama hukwanguliwa mara moja, hata kama mwenyewe ni mwanachama wa miaka mingi. Twaona hapo pana somo kwa kila chama: sifa ya wote hulindwa na wenyewe, tena kwa kuanza na walio ndani.

Aibu yetu ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Tulipoondoka hapa, bibi yetu mzaa baba alitupa kiondo alichokisuka kwa mkono wake. Kwa mwaka mzima kilikaa chini ya kitanda. Siku moja tulikitumia kuchukulia udongo, mwalimu wetu akakiona. Alikipangusa kwa kitambaa, akakigeuza ndani na nje, akatuuliza: Nani aliyekisuka? Nyuzi husokotwa namna gani? Rangi hii nyekundu yatoka katika mti gani? Huchemshwa muda gani?

Tulijua kumweleza kobalti na shaba za kwao. Mti wa kwetu hatukujua hata jina lake. Tukamwahidi kwamba tutamwuliza bibi, tumwandikie jibu. Tuliporudi nyumbani mwaka 2019, bibi alikuwa amekwisha kuzikwa miezi mitano. Tumewauliza shangazi zetu. Mmoja asema ni gome, mwingine asema ni mzizi. Kiondo kingali imara, na rangi yake haijapauka, ila siri yake imekwenda naye.

Wazee wetu, wafungwa wa mwaka 1942 waliuchukua ufundi wa kwao hata utumwani, wakauacha juu ya mawe ya nchi yetu. Sisi tulikwenda kwao tukiwa huru, kwa nauli yenu, na kilicho chetu tulikificha chini ya kitanda. Hiyo ndiyo hesabu yetu.

Kwa hiyo twaleta maombi matatu mbele ya Mkutano. La kwanza, kila kijana atakayesaidiwa na Chama kwenda masomoni, ndani au nje, akae kwanza miezi mitatu kwa fundi mzee wa hapa kwetu, msusi, mfinyanzi, mhunzi au mchonga mbao, afagie na kukanda kama tulivyofagia sisi. La pili, Katibu aandikishe majina ya mafundi wetu wote walio hai, na vijana wenye elimu wapewe kazi ya kuandika maarifa yao: jina la mti, wakati wa kuuchuma, kipimo cha maji. Kwa kazi hiyo sisi wawili twajitolea bila malipo, kuanzia juma lijalo. La tatu ni dogo. Leo tumekaribishwa mikate ya dukani na soda, nasi twashukuru. Mwakani, Halmashauri ikipenda, tuandaliwe isyo na ugali wa wimbi katika vyungu vya akina mama wetu, nao walipwe bei ya haki.

Tumesema mengi kuliko tulivyoamriwa. Kama yupo hapa mzee au mama aujuaye mti ule mwekundu, twamwomba asiondoke kabla hatujaonana naye. Kiondo tumekileta, kiko hapa mezani.