Magoti ya Kaylia Nemour: Mazungumzo kwa Wazazi na Vijana wa Kariokor



Tarehe 4 Agosti 2024, katika ukumbi wa Bercy jijini Paris, msichana wa miaka 17 aliyevaa rangi za Algeria alirukia vyuma viwili, kimoja cha chini na kingine cha juu. Akazunguka, akaachia, akadaka tena hewani, kisha akatua. Anaitwa Kaylia Nemour. Majaji walimpa pointi 15.700. Qiu Qiyuan wa Uchina alikuwa na 15.500, na Sunisa Lee wa Marekani 14.800. Kabla ya siku hiyo, hakuna mwanajimnastiki wa taifa lolote la Afrika aliyewahi kupata medali ya Olimpiki, si dhahabu wala shaba. Kenya ilirudi kutoka michezo hiyo na medali 11, zote za riadha.

Watu wengi waliona dhahabu tu. Walioona magoti ni wachache.

Nemour alizaliwa Ufaransa Desemba 2006, katika familia yenye asili ya Algeria upande wa baba. Alilelewa kimchezo katika klabu ya mji mdogo wa Avoine, na tangu utotoni alionekana kuwa na kipaji kwenye vyuma. Mwaka 2021 alifanyiwa upasuaji wa magoti yote mawili. Ugonjwa wenyewe huwapata watoto wanaocheza sana wakiwa bado wanakua: kipande cha mfupa kilicho chini ya gegedu hudhoofika, na kikiendelea kugongwa kinaweza kulegea. Mtoto hujiona mzima asubuhi, na jioni baada ya mazoezi anashindwa kupanda ngazi.

Daktari aliyempasua alisema anaweza kurudi mazoezini. Daktari wa shirikisho la Ufaransa akakataa. Wakati huo klabu na shirikisho walikuwa tayari wanavutana kuhusu mahali wasichana wanapaswa kufanyia mazoezi, kwa hiyo kila upande uliushuku mwingine. Si haki kulifanya shirikisho kuwa adui wa hadithi hii. Daktari anayemwambia msichana wa miaka 14 asubiri huenda anamwokoa. Lakini pia si haki mtoto kukaa katikati ya karatasi mbili zinazopingana huku miaka yake ya mchezo ikipita, na katika jimnastiki miaka hiyo ni michache.

Familia iliamua achezee Algeria. Ufaransa haikumwachilia upesi, na ilibidi waziri wa michezo wa nchi hiyo aingilie kati mwaka 2023. Mwezi Mei mwaka huo akawa bingwa wa Afrika. Oktoba, mjini Antwerp, akapata fedha ya dunia kwenye vyuma, medali ya kwanza ya Afrika katika mashindano hayo. Kuna hata mruko wenye jina lake katika kitabu cha sheria za mchezo huo. Baada ya Paris hakuishia hapo: Oktoba 2025, mjini Jakarta, alitwaa ubingwa wa dunia kwenye vyuma vile vile.

Sasa, Kariokor inaingiaje? Mtaa huu ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu waliotumiwa migongo na miguu yao bila yeyote kuwauliza kama wanaumia. Leo watoto wa Eastlands wana sarakasi. Vijana wa Nairobi wamepata riziki nchi za nje kwa kupanda mabegani na kuruka, na pale Ngara, jengo lililokuwa sinema ya Shan sasa ni ukumbi wa sarakasi. Wasichana nao wamo. Tofauti ni kwamba Nemour alitua kwenye godoro nene, akiwa na daktari karibu. Hapa mtoto hutua kwenye nyasi kavu, pengine kwenye saruji, na akichechemea anaambiwa ajikaze.

Mzazi hahitaji kujua jimnastiki ili amlinde bintiye. Amtazame akishuka ngazi. Amuulize kama goti linavimba baada ya mazoezi, kama linakwama likikunjwa, kama maumivu yapo hata siku ya mapumziko. Likiwa hivyo zaidi ya wiki mbili, aende naye kituo cha afya na aeleze wazi kwamba mtoto anaruka na kutua mara nyingi kila wiki, maana asiposema, ataandikiwa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Kocha naye aombe kuiona karatasi ya daktari kabla ya kumrudisha mtoto uwanjani, na mzazi abaki na nakala.

Na madaktari wawili wakitofautiana, kama walivyotofautiana juu ya Nemour, mzazi aulize kila mmoja swali lile lile: mtoto huyu akiruka leo, goti lake litakuwaje akiwa na miaka 30? Msichana mwenyewe awepo chumbani jibu linapotolewa.