Moyo Haupigi Kama Saa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bunju)



Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali ambaye kazi yake ni takwimu. Lakini zipo takwimu ambazo kila mmoja wetu anazibeba kifuani, nazo ndizo nitakazozieleza leo.

Naomba kila mmoja ajishike kifundo cha mkono autafute mshipa unaopiga. Vuteni pumzi polepole. Sasa itoeni polepole. Ninyi vijana hasa mtaona kwamba mapigo huenda mbio kidogo pumzi inapoingia, na hupunguza mwendo inapotoka. Msiogope, huo ndio uzima. Moyo unaopiga mara 60 kwa dakika haupigi kila baada ya milisekunde 1,000 kamili. Pengine ni 960, kisha 1,040, kisha 1,010. Ziko neva zinazouhimiza moyo na ziko zinazoutuliza, na moyo wenye afya huzisikiliza zote.

Wataalamu hurekodi umeme wa moyo kwa dakika 5, au kwa saa 24 kwa chombo cha kuvaa kilichobuniwa na Mmarekani Norman Holter, kisha hupima jinsi muda kati ya pigo na pigo unavyotofautiana. Mwaka 1996 wataalamu wa moyo wa Ulaya na Amerika Kaskazini walitoa kanuni za kipimo hicho.

Sasa tuwatazame wagonjwa wa valvu. Moyo una valvu 4, nazo ni milango inayoruhusu damu kwenda mbele tu. Mlango ukisinyaa au ukivuja, moyo hufanya kazi ya ziada. Neva za kuhimiza hutawala, za kutuliza hunyamaza, na tofauti kati ya mapigo hupungua. Mapigo yanayolingana mno, kama ya saa ya ukutani, yaweza kuwa dalili ya moyo ulioelemewa.

Hata hivyo tarakimu peke yake hudanganya. Kwa wagonjwa wengi wa valvu iitwayo mitrali, vyumba vya juu vya moyo hufikia kutetemeka badala ya kupiga. Hapo tofauti ya mapigo huwa kubwa, lakini si uzima tena, ni vurugu. Asiyetazama mchoro wenyewe atampongeza mgonjwa ambaye damu yaweza kumganda moyoni na kumletea kiharusi.

Kwa vijana wa nchi yetu, chanzo kikubwa cha ubovu wa valvu ni homa ya baridi yabisi. Huanzia kooni, kwa bakteria waitwao streptokoki. Wiki 2 au 3 baadaye, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo na moyo. Viungo hupona, valvu hubaki na makovu. Zamani wengi waliohitaji upasuaji walipelekwa India. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini dawa ya koo kwenye zahanati ni rahisi kuliko upasuaji wowote.

Kwa hiyo wadogo zetu, koo likiuma na homa ikapanda, nendeni zahanati. Si kila koo lina hatari hiyo, lakini wa kupambanua ni mganga. Na mwenzenu aliyekwisha ugua homa hiyo huhitaji sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Siku yake ikifika msimcheke, msindikizeni. Walimu nao wampe ruhusa bila kinyongo, kwani sindano moja iliyorukwa yaweza kuirudisha homa, na kila inaporudi huzidi kuharibu valvu.