Chotara Naye Huumwa



Wahitimu wa afya ya mifugo, huko mnakokwenda wengi wenu mtaulizwa habari za ng'ombe. Leo naomba nimsemee mbwa chotara, yule aliyezaliwa na German Shepherd na mbwa wa mtaani. Mwenyewe atawaambia, "Huyu chotara, haumwi." Msikubali. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya kumbukumbu za mbwa zaidi ya 27,000, wakiangalia magonjwa 24 ya kurithi. Kumi yaliwapata zaidi mbwa wa mbegu safi. Lakini 13, likiwemo tatizo la nyonga, hayakuwabagua, na kukatika kwa kano ya goti kuliwapata machotara zaidi.

Hayo ni ya kurithi tu. Kirusi cha pavo hukaa udongoni miezi mingi. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa hutapika, huhara damu, na akicheleweshwa hufa ndani ya siku chache. Kupe nao huleta homa, fizi kupauka, hata damu kutoka puani, na wapo wanaodhani mbwa kalishwa sumu.

Liko jambo linaloniuma. Mbwa akipata upele, mtu huchukua aivamektini iliyobaki ya ng'ombe akamdunga kwa kukisia. Mwenye damu ya Collie au German Shepherd anaweza kuwa amerithi kasoro ya jeni ya MDR1, inayoiruhusu dawa kupenya hadi kwenye ubongo. Huyumba, hupofuka, huzimia, na wengine hawaamki. Kwa kumtazama chotara huwezi kujua amerithi nini. Ukiwa na dawa nyingine ya upele, anza na hiyo, na mpime uzito kwanza.

Kichaa cha mbwa nimekiacha mwisho kwa sababu kinatuua na sisi. Karibu watu wote wanaokiugua hukipata kwa mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Tukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa pa kupita. Asilimia hiyo haifikiwi kwa kuchanja mbwa wa wenye mageti peke yao. Nawasihi, mkibeba boksi la chanjo fikeni hadi nyumba za mwisho za kijiji, mkamchanje na yule asiye na kola. Mwenyewe yupo, ulizeni.